Alexander Fleming: Karani wa meli aliyegundua penisilini, kisha akaonya juu ya usugu wake

KABLA jina lake halijaingia kwenye vitabu vya tiba, Alexander Fleming alikuwa karani katika ofisi ya kampuni ya meli jijini London. Kazi yake ilikuwa kunakili barua, kuweka hesabu za mizigo na kuandika orodha za abiria waliokuwa wakivuka bahari kwenda Marekani. Aliifanya kwa miaka minne, na hakuipenda.

Wafanyabiashara wanaolisoma gazeti hili wakiwa kwenye foleni ya malori Rusumo, Busia au Namanga wanazifahamu karatasi za namna hiyo. Lakini kuna kitu kingine cha Fleming wanachokifahamu zaidi, nacho kiko mkobani. Ni nadra kumkuta msafiri wa biashara asiye na vidonge viwili vitatu vya antibaotiki alivyonunua njiani kwa ajili ya kikohozi, kidonda au tumbo. Amoksilini, ambayo huuzwa karibu kila duka la dawa, ni mtoto wa ukoo wa penisilini. Fleming ndiye aliyeuanzisha ukoo huo. Na ni yeye huyohuyo aliyesimama mbele ya dunia, akiwa kwenye kilele cha sifa zake, kueleza jinsi dawa hiyo itakavyoweza kuharibika mikononi mwa watu.

Mtoto wa shambani

Fleming alizaliwa tarehe 6 Agosti 1881 katika shamba la Lochfield, karibu na mji mdogo wa Darvel, kusini-magharibi mwa Uskoti. Baba yake, Hugh, alikuwa mkulima aliyefiwa na mke wa kwanza, kisha akaoa tena umri ukiwa umekwenda. Alexander alikuwa mtoto wa mke huyo wa pili, Grace. Alipofika miaka saba, baba yake alifariki, na familia ikabaki kuliendesha shamba kwa nguvu za mama na watoto wakubwa.

Akiwa na miaka 13 alikwenda London kuishi kwa kaka yake Tom, aliyekuwa daktari wa macho. Huko alisoma kidogo, akaingia kwenye ukarani wa meli, na mwaka 1900 akajiunga na kikosi cha askari wa kujitolea cha Waskoti wa London, ingawa hakupelekwa vitani. Mwaka 1901 alipata fungu lake la urithi wa mjomba, pauni 250. Tom akamshauri asizile pesa hizo bali azigeuze elimu. Alifaulu mitihani ya kuingilia chuo, na katika vyuo vya udaktari vilivyokuwepo London akachagua Hospitali ya St Mary's kwa sababu aliwahi kucheza mchezo wa mpira wa majini dhidi ya wanafunzi wake.

Alihitimu mwaka 1906. Nia yake ilikuwa kuwa daktari wa upasuaji. Lakini alikuwa mlenga shabaha hodari, na wenzake wa klabu ya bunduki hapo hospitalini hawakutaka kumpoteza. Wakamtafutia nafasi katika idara ya chanjo iliyoongozwa na Almroth Wright, mtu maarufu katika elimu ya kinga. Fleming aliingia humo ili asitoke klabuni, akakaa maisha yake yote.

Vidonda vya vita

Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza mwaka 1914, Wright na wasaidizi wake walipelekwa Boulogne, kwenye pwani ya Ufaransa, ambako jumba la kamari lilikuwa limegeuzwa hospitali ya kijeshi. Majeruhi waliletwa na vidonda vyenye udongo, vipande vya nguo na vyuma. Madaktari wa wakati huo walivimiminia dawa kali za kuulia vijidudu, kama asidi ya kaboliki. Askari walikufa hata hivyo.

Fleming alitaka kujua kwa nini. Alichukua bomba la kioo, akalichoma kwa moto na kulivuta mpaka likatoa ncha nyembamba kama miiba, akapata mfano wa kidonda chenye mashimo na pembe. Akalijaza majimaji yenye bakteria, akalisafisha kwa dawa, kisha akatia majimaji safi. Baada ya muda bakteria walikuwa wamejaa tena. Dawa ilikuwa imewaua walio katikati, lakini waliojificha kwenye ncha walibaki, nao ndio waliozaa upya. Aligundua pia kwamba dawa hizo ziliua chembe nyeupe za damu, walinzi wa mwili, haraka kuliko zilivyoua vijidudu. Mgonjwa alikuwa akipokonywa askari wake mwenyewe.

Somo hilo hakulisahau. Dawa nzuri ingekuwa ile inayomuua adui bila kumgusa mwenye nyumba, na inayomfikia hata aliyejificha pembeni. Wakati wa vita hiyo, mwaka 1915, alimwoa Sarah McElroy, muuguzi kutoka Ireland. Miaka tisa baadaye walipata mtoto wao pekee, Robert.

Kisahani chenye ukungu

Aliporudi London aliendelea kutafuta. Mwaka 1922 alitangaza kwamba machozi, mate na kamasi vina kimeng'enya kinachoyeyusha baadhi ya bakteria, akakiita lisozimu. Kilikuwa kitu cha ajabu, lakini bakteria wanaoleta magonjwa makubwa hakikuwasumbua.

Mwaka 1928 alikuwa akichunguza stafilokokasi, bakteria wa majipu na usaha. Alikuwa mtu asiyeharakisha kusafisha meza yake. Alipoondoka kwenda likizo aliacha visahani vya kioo vimerundikana kwenye kona. Aliporudi tarehe 3 Septemba, alianza kuvipitia, na wakati akimwonyesha aliyekuwa msaidizi wake, Merlin Pryce, macho yake yakasimama kwenye kisahani kimoja. Kilikuwa kimeota ukungu, kama ule unaoota kwenye mkate wa siku nyingi. Kuuzunguka ukungu huo bakteria walikuwa wameyeyuka, na sehemu hiyo ilikuwa nyeupe safi. Mbali na ukungu walikuwa wamestawi kama kawaida.

Wengi wangekitupa kisahani. Fleming aliukuza ukungu ule, akaukamua majimaji yake, akayajaribu kwa bakteria wa aina mbalimbali. Mwezi Machi 1929 aliyapa majimaji hayo jina la penisilini, kutokana na jina la ukungu wenyewe. Makala yake ilitoka mwaka huohuo.

Katika makala hiyo kulikuwa na jambo ambalo watu wengi hulipita haraka. Fleming aliandika kwamba si bakteria wote waliouawa. Wale wa majipu, wa koo na wa nimonia walikufa. Wale wa homa ya matumbo na jamaa zao wa utumbo waliendelea kuishi kama kwamba hawakumwagiwa kitu. Yaani tangu siku ya kwanza, dawa ya kwanza ya aina yake ilikuwa tayari na bakteria isiyowaweza.

Tatizo kubwa la wakati huo, hata hivyo, lilikuwa jingine. Penisilini ilikuwa kidogo mno na iliharibika upesi. Wasaidizi wake wawili, Stuart Craddock na Frederick Ridley, walihangaika kuisafisha, wakashindwa kupata kiasi cha kutosha. Fleming hakuwa mkemia. Aliuhifadhi ukungu, akawapa wenzake walioutaka, akaendelea na kazi nyingine.

Oxford na tikitimaji la sokoni

Waliolimaliza jambo hilo walikuwa wengine, na haki inataka watajwe. Mwaka 1939 Howard Florey, mzaliwa wa Australia, na Ernst Chain, aliyekimbia Ujerumani ya Hitler, walianza kuichunguza penisilini katika Chuo Kikuu cha Oxford. Mwenzao Norman Heatley alibuni njia ya kuitoa na kuisafisha, akitumia hata vyombo vya kujisaidia wagonjwa kuoteshea ukungu, kwa kuwa vita ilikuwa imeleta uhaba wa kila kitu. Mwezi Mei 1940 waliwaambukiza panya wanane bakteria hatari. Wanne wasiopewa penisilini walikufa usiku uleule, wanne waliopewa walikuwa bado hai.

Februari 1941 walimtibu askari polisi wa Oxford aliyekuwa akifa kwa usaha uliosambaa mwilini. Kwa siku chache homa ilishuka na akaanza kula. Lakini dawa yote iliyokuwepo ilikuwa kidogo. Walikusanya mkojo wake ili waichuje penisilini iliyopita na kumrudishia, lakini hata hiyo ikaisha. Bakteria waliobaki walizaliana upya, na mwezi Machi akafariki. Yaliyotokea kwenye bomba la kioo la Boulogne yalitokea sasa ndani ya mwili wa mtu.

Florey na Heatley waliipeleka elimu hiyo Marekani, kwenye viwanda vikubwa. Huko Peoria, katika jimbo la Illinois, ukungu uliozaa penisilini nyingi zaidi ulipatikana mwaka 1943 kwenye tikitimaji lililooza. Majeshi yalipotua Ufaransa mwezi Juni 1944, dawa ilikuwa ya kutosha kwa majeruhi. Bei nayo iliporomoka: dozi iliyouzwa kwa dola 20 hivi mwaka 1943 ilishuka chini ya dola 1 kufikia mwaka 1946. Kila mfanyabiashara anajua kinachofuata bei inaposhuka hivyo. Bidhaa hufika kila mahali, kwa kila mtu, kwa kila matumizi.

Fleming mwenyewe alirudi kwenye habari hizo mwaka 1942, alipomtibu mgonjwa wa homa ya uti wa mgongo hapo St Mary's. Florey alimpa dawa aliyokuwa nayo, Fleming akamdunga mgonjwa kwenye uti wa mgongo, naye akapona. Magazeti yakalichukua jambo hilo. Florey hakupenda waandishi wa habari, Fleming aliwapokea. Ndiyo maana jina lake likapaa kuliko ya wale wa Oxford, jambo ambalo halikuwafurahisha. Mwaka 1944 Fleming na Florey walipewa cheo cha heshima na Mfalme, na mwaka 1945 Fleming, Florey na Chain waligawana Tuzo ya Nobel.

Onyo la Stockholm

Desemba 1945, katika hotuba yake ya Nobel mjini Stockholm, Fleming angeweza kuzungumzia ushindi peke yake. Alifika mwisho wa hotuba akageukia hatari. Alieleza kwamba maabarani si vigumu kuwafanya bakteria wasisikie penisilini: inatosha kuwapa dozi isiyotosha kuwaua. Na jambo hilohilo, akasema, limewahi kutokea katika mwili wa binadamu. Alihofia siku ambayo dawa hiyo itanunuliwa na yeyote dukani, kwa kuwa asiyejua atajipa kidogo.

Kisha akatoa mfano wa mume na mke wa kubuni. Mume anaumwa koo. Ananunua penisilini, anajitibu mwenyewe kwa dozi ndogo, isiyowaua bakteria bali inayowafundisha kuivumilia. Anamwambukiza mkewe. Mke anapata nimonia, anatibiwa kwa penisilini, na dawa haifanyi kazi kwa sababu bakteria wameshakuwa sugu. Mke anafariki. Fleming akauliza nani wa kulaumiwa kwa kifo hicho, na akajibu kuwa ni mume, kwa uzembe wake. Ushauri wake ulikuwa mfupi: ukitumia penisilini, tumia ya kutosha.

Hakuwa akitabiri hewani. Mwezi Desemba 1940, kabla penisilini haijamtibu mgonjwa hata mmoja pale Oxford, Chain na mwenzake Edward Abraham walikuwa wametangaza kwamba baadhi ya bakteria hutengeneza kimeng'enya kinachoivunja dawa hiyo. Wakakiita penisilinasi. Silaha ya adui ilikuwepo kabla ya vita kuanza.

Njia za panya za bakteria

Bakteria huwaje sugu? Fleming alizungumza kana kwamba wanafundishwa. Wanasayansi wengine walilichunguza jambo hilo kwa undani zaidi. Mwaka 1943, Salvador Luria na Max Delbrück, waliokuwa wakifanya kazi Marekani, walionyesha kwamba mabadiliko yanayomwezesha bakteria kustahimili shambulio hutokea yenyewe, kwa bahati, hata kabla shambulio halijafika. Wao walitumia virusi vinavyoua bakteria. Mwaka 1952 Joshua na Esther Lederberg wakathibitisha hilo hata kwa dawa ya streptomaisini: bakteria sugu walikuwamo tayari katika kundi ambalo halijawahi kuguswa na dawa.

Mfanyabiashara wa mpakani atalielewa hili upesi. Tuseme barabara kuu inafungwa ghafla. Walioitegemea peke yake wanafilisika. Lakini miongoni mwao walikuwamo wachache waliokwishazijua njia za panya. Kufungwa kwa barabara hakukuwafundisha njia hizo. Kumewaondolea washindani tu. Baada ya muda soko lote ni lao. Antibaotiki hufanya vivyo hivyo. Inawaua wanyonge, na wachache wenye uwezo wa kuikwepa wanabaki peke yao na chakula chote. Bakteria anaweza kugawanyika kuwa wawili kwa dakika 20 mambo yakimwendea vizuri, hivyo wachache hawakai wachache kwa muda mrefu.

Njia za kukwepa nazo ni nyingi. Wako wanaoivunja dawa, kama wale wa penisilinasi. Wako wanaobadili sehemu ambayo dawa hushikilia, mfano wa mtu aliyebadilisha kitasa cha mlango. Wako wanaoisukuma nje kila inapoingia. Na baya zaidi ni kwamba huonyeshana njia. Mwaka 1959 watafiti wa Japani waligundua kwamba bakteria wa kuhara damu waliokuwa sugu kwa dawa kadhaa kwa mpigo waliweza kuwapa usugu huo bakteria wengine wa utumbo, kwa kupitishiana vipande vya chembe za urithi.

Fleming aliishi kuyaona mapema matokeo. Katika Hospitali ya Hammersmith, ndani ya jiji hilohilo alilofanyia kazi, daktari Mary Barber alikuwa akiwapima bakteria wa usaha mwaka hadi mwaka. Mwaka 1946 waliokuwa sugu kwa penisilini walikuwa kadiri ya asilimia 14. Mwaka uliofuata wakafika asilimia 38. Mwaka 1948 walizidi nusu. Barber alionyesha pia kwamba haikuwa kila mgonjwa aliyejitengenezea sugu wake. Aina moja iliyostahimili ilikuwa ikisambaa kutoka kwa mgonjwa hadi mgonjwa ndani ya wodi. Kwa hiyo kunawa mikono na usafi wa hospitali vilikuwa na uzito sawa na dozi.

Uingereza ilikuwa imekwishachukua hatua. Mwaka 1947 Bunge lilipitisha sheria ya kuzuia penisilini isiuzwe bila cheti cha daktari. Viwanda navyo vilitafuta dawa mpya. Mwaka 1960 ilianza kutumika methisilini, iliyotengenezwa makusudi isiweze kuvunjwa na penisilinasi. Mwaka 1961, Uingereza hiyohiyo, bakteria sugu kwa methisilini walitangazwa.

Miaka ya mwisho

Hayo ya mwisho Fleming hakuyaona. Mkewe Sarah alifariki mwaka 1949, jambo lililomvunja moyo sana. Mwaka 1953 alimwoa Amalia Koutsouri-Voureka, mwanasayansi kutoka Ugiriki aliyekuwa amefanya kazi katika maabara yake. Alisafiri nchi nyingi akipokea heshima. Madrid, wapiganaji wa fahali walimjengea sanamu mbele ya uwanja wao, kwa kuwa penisilini ilikuwa imewaokoa wengi wao na majeraha ya pembe. Alifariki nyumbani kwake London tarehe 11 Machi 1955 kwa ugonjwa wa moyo, akiwa na miaka 73, na akazikwa katika Kanisa Kuu la St Paul's.

Miaka mingi imepita, na hesabu imekuwa kubwa. Watafiti walikadiria kwamba mwaka 2019 pekee watu milioni 1.27 walikufa duniani moja kwa moja kutokana na bakteria sugu, na kwamba mzigo mzito zaidi uliziangukia nchi za Afrika kusini mwa Sahara.

Kwa wanaoishi kwa kuvuka mipaka, habari za Fleming zina mambo ya kushika. Mafua ya kawaida na homa nyingi za koo huletwa na virusi, na antibaotiki haina kazi kwa virusi; kuimeza ni kuwaua bakteria wanyonge wa mwilini mwako na kuwaachia nafasi walio sugu. Dozi inunuliwe kwa ushauri wa mtaalamu na itumike kama alivyoelekeza, si nusu leo na nusu nyingine kuwekewa safari ijayo au kugawiwa utingo. Dawa iliyopigwa jua sokoni, au isiyojulikana ilikotengenezwa, inaweza kuwa na nguvu pungufu, nayo ndiyo ile dozi ndogo aliyoihofia Fleming, hata kama mgonjwa amemeza vidonge vyote kwa uaminifu. Anayeiuza anahusika na kitakachofuata sawa na anayeimeza.

Mume wa mfano wa Fleming hakuwa mtu mbaya. Aliumwa koo, alikuwa na pesa mfukoni, duka lilikuwa karibu. Aliyelipa ni mkewe.